Yeye Aliye Mimi: Mwanamke na Usemi juu ya Mwili Wake katika Shetani Msalabani

1. Utangulizi

Wahakiki wa Shetani Msalabani wamezoea kuanza na karamu. Tangu riwaya hii ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilipotolewa kwa Kigikuyu mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mutharaba-ini, na kisha kwa Kiswahili mwaka 1982, yaliyozungumzwa zaidi ni mashindano ya wezi na wanyang'anyi pale Ilmorog, na ubepari ambao mashindano hayo yanaukejeli. Jambo hilo ni la haki, kwa kuwa ndiyo dhamira kuu ya mwandishi, ambaye aliiandika riwaya hiyo kwenye karatasi za msalani alipokuwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Hata hivyo, kabla msomaji hajafikishwa karamuni, hukutanishwa na msichana anayejitazama katika kioo na kujichukia. Msichana huyo ni Jacinta Wariinga, na chuki yake juu ya ngozi, nywele na meno yake imeelezwa kwa kirefu kuliko inavyohitajiwa na kisa kitupu.

Katika makala haya nakusudia kuuliza swali moja tu: ni nani anayeyasema mambo hayo, na kwa nafsi ipi? Nitajaribu kuonyesha kwamba usemi wa kweli wa mwanamke juu ya maumivu ya mwili wake mara nyingi hauanzi na 'mimi'. Huanza na 'yeye', na kama huyo 'yeye' atapata kuwa 'mimi', hilo hutegemea sikio la anayesikiliza kuliko ujasiri wa anayesema.

Nimeichukua riwaya hii nikiwatazama wasomaji wa Nyeri na miji mingine ya Mlima Kenya, ingawa mandhari yake ni Nairobi, Nakuru na Ilmorog ya kubuniwa, na ingawa mwandishi wake, aliyefariki mwaka 2025, alizaliwa Limuru. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, lugha ambayo riwaya ilitungwa kwayo ni lugha ya nyumbani ya watu wa Nyeri na Murang'a kama ilivyo ya watu wa Kiambu. Pili, katika nchi inayouzunguka mlima huo, mwili wa mwanamke umejadiliwa hadharani kwa takriban karne nzima. Mtu asiyeijua historia hiyo atadhani kimya cha Wariinga ni tabia yake binafsi.

2. Mwili ulio mali ya wasemaji wengine

Mwaka 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti, miongoni mwao ile ya Kanisa la Skotlandi iliyokuwa na kituo Tumutumu karibu na Karatina, ziliwataka waumini wao waikane tohara ya wasichana. Waliokubali walitia alama ya kidole gumba, na neno kirore likabaki kuwa jina la kiapo hicho na la watu wake. Waliokataa waliyaacha makanisa na shule za misheni, na kutokana na mfarakano huo harakati ya shule za kujitegemea ikapata nguvu kubwa. Wimbo wa Muthirigu ulienea vijijini ukiwakejeli wamisheni, na pia ukiwakejeli wasichana wasiotahiriwa, hata serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Huko Uingereza jambo hilo lilifikishwa Bungeni. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alilitetea katika kitabu chake Facing Mount Kenya kama nguzo ya umoja wa kabila.

Tukiwapanga wasemaji hao kwa utaratibu, twaona mmisheni, mzee, mwimbaji, mbunge na msomi. Kila mmoja wao alikuwa na hoja, na baadhi ya hoja zao zilikuwa nzito. Aliyekosekana ni msichana mwenyewe. Katika kumbukumbu zinazojulikana zaidi za ugomvi huo yeye ni nafsi ya tatu: anaokolewa, anatetewa, anaimbwa.

Upande wa pili wa mlima, huko Meru, historia ilitoa mfano wa kinyume ambao unastahili kufikiriwa sana na watu wa lugha. Mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke, likishirikiana na maofisa wa serikali, liliipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi waliipinga amri hiyo kwa kwenda porini na kutahiriana wenyewe kwa wenyewe. Katika muda wa miaka mitatu hivi watu zaidi ya 2,400, wakiwamo wasichana na wazazi wao, walishtakiwa. Wasichana hao waliitwa Ngaitana, jina ambalo mwanahistoria Lynn Thomas amelitafsiri kwa maana ya 'nitajitahiri mwenyewe'. Hapa nafsi ya kwanza imetokea hatimaye, tena ikawa jina la watu. Lakini tuangalie gharama yake. Ili msichana apate kusema 'mimi' juu ya mwili wake, ilimlazimu ashike wembe, na alichokisema kwa wembe huo kilikuwa kile kile ambacho bibi zake waliambiwa wakisema. Sheria ya mwaka 2011 imekataza ukeketaji katika Kenya nzima, na imefanya vyema. Ila sheria huzuia tendo tu. Haimpi mtu maneno ya kuueleza mwili wake.

3. Kioo cha Wariinga

Sasa turudi kwenye riwaya. Wariinga amefukuzwa kazi kwa sababu amemkataa Bosi Kihara, ameachwa na mpenzi wake, na ametolewa chumbani na mwenye nyumba. Hayo yote yana sababu zilizo wazi, na sababu hizo ni wanaume na pesa zao. Lakini yeye ameshawishika kwamba chanzo cha misiba yake ni sura yake. Ameuchukia weusi wake, akajipaka krimu za kung'arisha ngozi, hata mwili ukapata madoa mfano wa kanga wa porini. Nywele zake zimekatika kwa vitana vya moto. Meno yake si meupe kama apendavyo, kwa hiyo hujizuia kucheka. Nguo zake hazimkai vizuri kwa sababu anafuata mitindo ya watu wengine.

Uchunguzi huo ni wa kweli hata kwa daktari. Haidrokwinoni, ambayo ni dawa kuu katika krimu nyingi za aina hiyo, ikitumiwa muda mrefu huweza kuigeuza ngozi kuwa na mabaka meusi kuliko ile rangi iliyokuwa ikikimbiwa, na zebaki hudhuru figo. Mwandishi pia ameona jambo ambalo watu wengi hawalioni, yaani kwamba dhuluma ikirudiwa sana, anayedhulumiwa huacha kumtazama mwenye kudhulumu na kuanza kujikagua mwenyewe. Kwa hiyo maelezo haya hayakuwekwa kama pambo. Yanaeleza kwa nini Wariinga hana hasira mwanzoni mwa kisa: hasira yake yote ameimaliza juu ya ngozi yake.

Lakini maelezo haya hayatoki kinywani mwake. Yanatolewa na msimulizi, yaani mwimbaji wa gicaandi, tena msimulizi huyo hatosheki na kutuambia Wariinga anavyojiona. Anaharakisha kutusahihishia. Anatuarifu kwamba Wariinga akisahau meno yake na kucheka, wanaume husimama njiani wamtazame. Hapa ndipo penye udhaifu. Msichana amejihukumu kuwa mbaya, na rufaa yake imepelekwa mbele ya macho ya wanaume, nayo imekubaliwa. Je, kama macho hayo yangesema vingine? Msomaji mwanamke aliye Karatina, ambaye umbo lake limekuwa mzaha wa abiria katika matatu na wa wachekeshaji redioni, hapati faraja katika hukumu hiyo. Anajua kwamba mahakama ni ile ile.

Udhaifu huo unaonekana tena katika sehemu ya mwisho. Miaka miwili imepita, na Wariinga tunayeonyeshwa ni mtu mwingine. Amejifunza ufundi wa mitambo, anatengeneza magari gereji, ameacha krimu, anajua kujikinga kwa mikono yake. Mabadiliko hayo yanapendeza, na kisiasa yana mantiki, kwa kuwa kazi ya mikono inamrudishia mtu mwili wake kama chombo chake mwenyewe. Lakini yote yametendeka katika ile miaka miwili ambayo hatukusimuliwa. Asubuhi ya kwanza aliyojitazama bila krimu ilikuwaje? Alimwambia nani? Kuna siku aliyorudia kopo? Riwaya imetuonyesha ugonjwa na imetuonyesha mzima. Uuguzi haumo.

Najua jibu ambalo wahakiki wa mkondo wa kijamii wangetoa. Wangesema kwamba kuuliza habari za kioo ni kurudi kwenye ubinafsi, na kwamba mwanamke hawezi kuponywa ngozi yake kabla jamii haijaponywa mfumo wake. Hoja hiyo siidharau; ndiyo iliyonifundisha kusoma. Lakini kama mfumo umeweza kuingia ndani ya chumba cha msichana na kushika mkono wake unapopaka krimu, basi usemi wa kile kinachotendeka katika chumba hicho ni sehemu ya mapambano, wala si starehe ya kungoja baadaye.

4. Mahua Kareendi

Pamoja na hayo, ingekuwa si haki kusema kwamba Wariinga hasemi. Anasema, tena kwa namna ambayo inastahili kuzingatiwa. Baada ya kuokolewa asianguke mbele ya basi jijini Nairobi, anamsimulia kijana asiyemjua habari za msichana mmoja. Anaanza kwa kusema tumchukue msichana kama yeye, kisha mara moja anajiondoa: au msichana mwingine yeyote wa mjini, tumwite Mahua Kareendi. Kuanzia hapo yote ni ya Kareendi: masomo yake, mimba yake, ofisi alizobisha hodi, na mabosi waliotaka mapaja yake yawe ada ya kazi.

Msomaji anatambua kwamba Kareendi ni Wariinga. Wengi wameiona mbinu hiyo kama njia ya kumfanya Wariinga awe kielelezo cha tabaka lake, nami sipingi. Lakini naona jambo la pili lililo karibu zaidi na maisha. Kareendi ndiye aliyemwezesha Wariinga kusema. Kwa nafsi ya kwanza angelia tu. Kwa nafsi ya tatu amepata mpangilio, kejeli, hata ghadhabu, ambavyo hatukuviona alipokuwa mbele ya kioo. Huyu 'yeye' si uongo. Ni 'mimi' iliyovaa nguo ya kutokea nje.

Mila zetu zinaijua nguo hiyo. Wanawake wa Kigikuyu katika nyimbo za majibizano za gitiiro, zinazoimbwa kwenye sherehe za ndoa, hurushiana sifa na matusi ya kisanaa ambayo nje ya wimbo yasingesemeka. Mwanamke wa pwani husemea kanga yake, na akiulizwa atasema ni nguo tu. Katika mifano yote hii ukweli unasemwa kwa sharti kwamba msemaji anaweza kuukana. Sharti hilo si la woga. Ni busara ya mtu anayejua kwamba maneno juu ya mwili wa mwanamke huweza kugeuzwa yawe silaha dhidi yake.

Tuangalie sasa msikilizaji. Kijana anayesimuliwa kisa cha Kareendi haulizi swali ambalo kisa chote kinaliomba. Anampa msimulizi kadi ya mwaliko wa karamu ya Shetani. Kwa ujenzi wa riwaya kadi hiyo ni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo hakuna safari ya Ilmorog. Lakini kwa upande wa usemi ninaouchunguza, hapo ndipo mlango ulipofungwa.

5. Kosa la msahihishaji

Naomba wasomaji waniwie radhi nikitoa mfano usiotoka kitabuni. Zamani kidogo nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya wasichana wilayani Nyeri. Niliwapa wanafunzi insha ya masimulizi, na mmoja wao akaandika habari za 'msichana mmoja' aliyetaniwa nyumbani kwa weusi wake, akanunua kikopo cha krimu sokoni Karatina siku ya gulio, akawa anajipaka usiku wenzake walipolala. Uso ulipobabuka aliwaambia watu kwamba ni baridi ya Julai. Insha ilikuwa nzuri, na kiambishi a- cha nafsi ya tatu kilishikwa barabara, ila mahali pamoja katika aya ya tatu, ambapo palitakiwa 'asubuhi alipojitazama', mwandishi aliandika 'asubuhi nilipojitazama'.

Nilipazungushia kalamu nyekundu. Pembeni niliandika neno moja, 'Nafsi!', nikakata alama moja. Kwa kanuni za usahihishaji nilikuwa sawa. Yule mwanafunzi alipokea daftari, akatazama, akalifunga, na insha zake zilizofuata zilikuwa juu ya faida za kilimo na madhara ya ulevi, bila kosa lolote la nafsi.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa nilichofanya. Nilielewa siku nilipokuwa nikifundisha sura ya Kareendi na kuwaeleza wanafunzi wa chuo, kwa ufasaha mkubwa, jinsi mwandishi alivyotumia nafsi ya tatu kuficha na kufichua nafsi ya kwanza. Kitabuni niliiita mbinu. Katika daftari la mtoto niliiita kosa.

6. 'Mimi' iliyoandikwa

Nafsi ya kwanza imeandikwa pia na binti wa nchi hii. Charity Waciuma, katika Daughter of Mumbi ya mwaka 1969, anasimulia utoto wake Murang'a akiwa binti wa nyumba ya Kikristo isiyotahiri wasichana, na jinsi jambo hilo lilivyowafanya wadharauliwe na wasichana wa rika lao. Anayosimulia ni yale yale ya ugomvi wa 1929, lakini safari hii tunausikia kutoka kwa yule aliyekuwa akizungumziwa. Lugha yake ni ya utulivu, na kwa sababu hiyo kitabu chake hakikuvuta wahakiki kama kilivyostahili. Lakini yeye hatuambii kama mwili wake ulikuwa mzuri au mbaya. Anatuambia ulivyokuwa unakaa miongoni mwa miili ya wengine, na hilo ndilo tulilolikosa kwa Wariinga. Inafaa kukumbuka kwamba aliandika kwa Kiingereza. Huenda lugha ya kigeni nayo ilikuwa nguo ya kutokea nje.

Njia nyingine ni ya kujihami. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alipopinga ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, alishambuliwa Bungeni kwa uanamke wake na kwa talaka yake. Jibu lake limekuwa maarufu: alisema kwamba mjadala ule ulihitaji kiungo kilicho juu ya shingo. Jibu hilo lina ndugu yake katika historia ya Kiswahili. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, alipoimbwa kwa dharau na mahasimu waliomcheka sura na asili yake, alijibu kwa wimbo kwamba hoja si uzuri wala ukoo, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert ameuhifadhi ugomvi huo katika Wasifu wa Siti binti Saad.

Nawaheshimu wote wawili, na sidhani palikuwa na jibu bora mbele ya maadui. Lakini yatupasa tutambue kwamba ni jibu la vitani. Linashinda kwa kuuondoa mwili katika mazungumzo. Kwa msichana aliye peke yake mbele ya kioo hakuna adui wa kushindwa kwa jibu. Yupo yeye na uso wake. Huwezi kumwambia kwamba kilicho muhimu ni akili, kwa maana ni akili yenyewe inayoumia.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Shetani Msalabani imeutambua ugonjwa wa kujichukia na chanzo chake kuliko riwaya nyingi za kizazi chake, ila imempa msimulizi na macho ya wanaume kazi ya kuutolea hukumu, na imepita haraka juu ya uponyaji wake. Mahali ilipofika mbali zaidi ni katika kisa cha Kareendi, ambapo msichana amejisemea kwa jina la mwingine.

Katika ukurasa wa kwanza wa riwaya, mwimbaji wa gicaandi anasema kwamba wapo watu walioona kisa hiki kuwa cha aibu, kisichofaa kutolewa gizani. Anayemwomba akisimulie ni mama yake Wariinga, aliyemjia alfajiri akilia. Kwa muda mrefu nimewasomea wanafunzi ukurasa huo kama utetezi wa sanaa ya fasihi. Siku hizi nausoma kama swali. Mama amekuja kuomba; msimulizi amekubali; aibu imetolewa gizani. Mwenye kisa alikuwa wapi, na ni nani aliyemwuliza?

Sisi walimu hatuwezi kuiandika upya riwaya, wala haifai. Tunaloweza ni kuzisoma vizuri insha tunazoletewa. Pale nafsi inapoteleza kutoka a- kwenda ni-, kalamu nyekundu ingoje kidogo. Alama ile moja niliyoikata ningeirudisha leo, lakini daftari silo mikononi mwangu tena, na mwenye daftari hakuniandikia habari za yule msichana mmoja mara ya pili.